Kaburi Lisilo na Msalaba

Tulichangishwa elfu kumi na mbili kila mmoja.
Ndahani alikosa, Sista Perpetua akamlipia
kwa sharti kwamba asiseme.
(Alisema. Tulipofika Chemba, tairi lilipopasuka.)

Sisi wa Mtakatifu Monika tulikaa mbele,
wenzetu wa seminari ya Kiislamu nyuma,
na katikati safu moja ya viti vitupu
ambayo hakuna aliyeiamuru.
Tairi ndilo lililotuchanganya.
Tulipopanda tena, mikono imejaa grisi,
nilijikuta karibu na Swalehe, ananigawia karanga
kwenye kofia yake.

Kondoa: udongo mwekundu, korongo lililokula nusu ya shamba,
maji ya chemchemi yakipita kana kwamba hayajasikia habari za ukame.
Mwalimu Chidosa akafungua daftari.
Wapolandi, akasoma. Enzi ya Vita Kuu ya Pili.
Wengi wao akina mama na watoto,
walifukuzwa kwao, wakapelekwa kwenye theluji,
wakapita Uajemi, wakapita bahari,
wakashuka treni Dodoma, "stesheni ile ile
mnayokwenda kununua mahindi ya kuchoma,"
kisha lori, kisha hapa.
Akafunga daftari. Alikuwa na mengine, naamini,
ila sauti ilimwisha.

Misalaba ilisimama kwa mistari kama sisi paredi.
Sista akatoa rozari, tukasali fumbo moja la uchungu.
Watu wa seminari walisimama kando, mikono mbele,
kama unavyosimama kwenye msiba wa jirani.

Swalehe ndiye aliyeliona, kule pembeni, penye miiba.
"Hili halina msalaba."
Nyota ya pembe sita. Juu yake vijiwe, vingi, vya kila rangi.
"Wachunga mbuzi wamelichezea," akasema,
akainama, akaanza kuviondoa kimoja kimoja
kwa uangalifu, kama anavyosafisha kwao kabla ya Idi.

"Rudisha."

Bi Mwajabu, mwenye fyekeo, mtandio umefungwa kiunoni.
Halmashauri humlipa, au humwahidi.
"Alikuja mzungu mmoja, kikongwe, anatembea na gongo.
Akaweka jiwe, akalia. Nikamuuliza, maua je?
Akasema kwao Wayahudi ni jiwe.
Hakurudi tena. Basi kila nikifyeka
naweka moja kwa niaba yake. Sijui kama inahesabika."

Swalehe alirudisha yote. Alikumbuka hata mpangilio.

Tukajaribu jina: Perla Sztern, miaka tisa.
Herufi nne, hakuna irabu hata moja, ulimi unakwama.
Ndahani akasema: Shi-te-ri-ni.
Tukampa irabu, kama mgeni anavyopewa maji,
tukamwita hivyo, sote, mara mbili.

Halafu kimya cha aibu. Nani amwombee, na kwa maneno ya nani?
Sista akageuza kurasa, akasema, "Zaburi."
Swalehe akasema, "Ya Daudi?"
"Ya Daudi."
"Hata sisi tunayo hiyo, kwa jina."
Akasoma Sista. Upepo ukafunga kitabu katikati ya mstari,
akaendelea kwa kichwa, akakosea, akaendelea.

Mimi niliokota jiwe jeupe, lenye mng'ao wa chumvi.
Nilitaka kumwekea Perla. Sikumwekea.

Babu yangu alizikwa Ihumwa, mpaka barabara mpya ilipopita.
Walikuja na fomu, na fidia, na mashine.
Sasa yuko kwenye makaburi ya pamoja, kibao cha bati,
namba kumi na saba, rangi inabanduka.
Sijawahi kwenda. Nilisema mitihani.

Njiani kurudi safu ile ya katikati ilijaa,
watu wamelala vichwa vikigongana.

Jumamosi mama alikuwa anafua sare.
Kitu kikagonga ndani ya beseni.
"Hili la nini?"
"La babu."
Akalisuuza. Akaliweka dirishani, karibu na kiberiti,
akaendelea kufua, ila polepole,
halafu akauliza, bila kunitazama,
basi la Ihumwa siku hizi linaondoka saa ngapi.